Asali Kwenye Umubirizi

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi kando ya kijito, miguu njiani, kichwa majanini, na mkono wa kulia umeikumbatia chupa ya soda kama mtu anayehofia kunyang'anywa.

"Nani kamkuta?" Inspekta Halfani aliuliza.

"Akina mama waliokuja kuteka maji asubuhi hii, afande," alijibu Koplo Leonidas. "Wamekimbia na ndoo tupu hadi kwa mwenyekiti wa kijiji."

"Anajulikana?"

"Kijiji kizima cha Kibimba kinamjua. Bizimana, mkimbizi wa pale kambini. Amekuwa kibarua kwenye kahawa za watu tangu vita vimlete huku. Alhamisi hii alikuwa arudi kwao Burundi na msafara wa malori."

Halfani alichuchumaa. Povu lilikuwa limekaukia midomoni. Nyasi zilikuwa zimeng'olewa pale visigino vilipokuwa vikipiga chini, na kucha zilikuwa zimejaa udongo. Jeraha halikuonekana popote. Aliichomoa chupa kwa leso, akainusa, akakunja uso. Ndani mlibaki nusu ya maji ya kijani kibichi.

"Umubirizi," alisema Leonidas, ambaye ni Mhangaza wa kuzaliwa palepale Ngara. "Majani machungu. Huku kila anayelalamika ini hunyweshwa hayo. Na fundi wake ni mmoja tu, bibi Selestina wa kambini."

Mwenyekiti wa kijiji alijipenyeza kutoka kwenye kundi la watu, kifua mbele.

"Afande, msijisumbue. Muuaji tumeshamkamata."

Sura yake ilikuwa ya mtu anayesubiri kupongezwa. Halfani hakumpongeza. Katika miaka yake ya upelelezi alikuwa amejifunza kuwaogopa watu wanaomaliza kesi kabla polisi hawajafungua daftari.

*

Walimkuta Selestina ofisini kwa mwenyekiti, amefungwa kamba mikononi, kilemba kimechanika, mgambo wawili wamesimama juu yake na marungu. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, amekondeana, na umri wake ungeweza kuwa sabini au zaidi.

"Mfungueni," alisema Halfani.

"Afande, huyu ni mchawi..."

"Nimesema mfungueni!"

Kamba zikafunguliwa. Halfani akavuta kiti, akaketi ili asimsemeshe kutoka juu.

"Shikamoo, bibi."

Selestina alimtazama kwanza, kama vile hakutarajia salamu siku hiyo. "Marahaba, mwanangu."

"Bizimana amekufa. Mkononi alikuwa na chupa ya umubirizi."

"Nimeambiwa. Nimeambiwa kwa makofi."

"Ulikuwa ukimtibu?"

"Ego, ndiyo. Tangu mvua za mwaka jana. Upande huu wa kulia ulikuwa ukimvimba, chakula hakitaki, mwili umemlegea. Nikampa majani. Akapata nafuu, akaacha. Ikarudi, nikampa tena."

"Wiki iliyopita mligombana. Watu walikusikia ukimwambia, 'Kwa ini hilo Burundi hutafika.'"

"Nilisema."

Mwenyekiti alimgeukia Leonidas kwa furaha. Halfani akamnyamazisha kwa mkono.

"Ulimaanisha nini?"

"Nilimaanisha hivyo hivyo! Mtu ini limemchoka, anataka kupanda lori, kwenda kuanza kulima pori. Nikamwambia anywe kwanza, apone, ndipo aende. Akanicheka. Akasema mkewe anamngoja, ini litajijua lenyewe." Bibi alisugua alama za kamba. "Mwanangu, na mimi jina langu liko kwenye msafara huo huo wa Alhamisi."

"Msafara mwingine je?"

"Wanasema baada ya masika. Binti yangu yuko Muyinga. Nilimwacha kijana, sasa ana wajukuu. Nikikosa lori hili sitaona lingine. Mimi na mwili wangu tunajuana."

Alisema bila kulia, na hilo ndilo lililomchoma Halfani. Hakuwa mgeni wa hamu ya kwao. Yeye alizaliwa Biharamulo mjini, chini ya boma la Wajerumani, katika nyumba ya babu aliyekuja na biashara kutoka pwani akasahau kurudi. Mkewe, Mwanne, alikuwa bado kule, akimuuguza mama yake asiyeona. Barua za kuomba uhamisho zilikuwa zimekwenda na kunyamaziwa. Halfani alimkumbuka Mwanne kila jioni, na asubuhi pia, na mchana kama kazi ni chache. Biharamulo haikuwa mbali kwa ramani. Ilikuwa mbali kwa mtu anayekula wali wa mesini kwa polisi peke yake.

"Bibi, kwa sasa utalala kituoni," alisema. "Si kwa sababu naamini wewe ni muuaji. Ni kwa sababu ukilala kwako usiku huu watakuchomea nyumba."

*

Daktari Novatus alimaliza uchunguzi wa maiti Jumanne. Alimwita Halfani mochwari, akamwonyesha sinia lililofunikwa kitambaa.

"Ini la mtu mzima mwenye afya lina rangi ya damu nzito," alisema huku akifunua. "Hebu liangalie hili."

Lilikuwa limevimba, rangi ya manjano, na lilimeremeta. Daktari alipolipitishia kisu, kisu kiliteleza na kutoka na utando wa mafuta.

"Pombe?" aliuliza Halfani.

"Pombe nayo hutia mafuta kwenye ini. Lakini huyu hakuwa mlevi, nimeulizia. Huyu amepulizia dawa mibuni kwa miaka bila hata kitambaa puani. Bomba linavuja mgongoni, anakula kwa mikono ileile, anakunywa maji ya kijito kinachooshewa mabomba. Sumu zote hizo ini ndilo linalozipokea. Likichoka, linaanza kujaza mafuta."

"Ndicho kilichomuua?"

"Hapana. Hicho kilimwandaa. Kilichomuua kiko tumboni. Alikunywa pombe ya ndizi, na pombe hiyo inanuka dawa ya kahawa. Mtu mwenye ini zima angetapika, angeugua, pengine angepona. Huyu hakuwa na akiba."

"Na ile chupa ya umubirizi?"

Novatus alijikuna shingo. "Sampuli nimeituma maabara ya serikali Mwanza. Majibu yatachelewa, unawajua. Lakini harufu ya dawa ya kahawa haimo. Wataalamu wanaoyachunguza majani haya wanasema yana vitu vinavyolikinga ini lisijae mafuta. Zamani nilikuwa nikiwacheka. Siku hizi nawaona wagonjwa wa yule bibi wanakaa muda mrefu bila kurudi wodini, nami nimeacha kucheka. Si muujiza. Yanazuia, hayafufui."

"Kwa hiyo chupa haina hatia."

"Kwa maoni yangu, mtu aliyetengeneza ile chupa alitaka Bizimana apone. Halafu kuna jambo jingine." Aliangalia mlango. "Niliionja kwa ncha ya ulimi. Usimwambie mke wangu. Ni chungu, kisha ni tamu. Imetiwa asali."

*

Kituoni, Selestina alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mahabusu, kwa sababu hakuna askari aliyekuwa na moyo wa kumfungia ndani. Halfani alimweleza habari ya asali. Bibi alikasirika kwa mara ya kwanza tangu akamatwe.

"Asali? Mimi? Mwulize yeyote aliyewahi kunywa kwangu! Natwanga mabichi, natia maji baridi, basi. Uchungu ndio unaoliamsha ini. Mgonjwa akikunja uso, namwambia ale uso wake."

"Basi nani angetia asali?"

Selestina alifikiri. Hasira ikamtoka taratibu.

"Mtu asiyeweza kumwona Bizimana akikunja uso," alisema. "Na watu wa namna hiyo huwa ni wachache, mwanangu."

 Halfani akamwita Leonidas.

"Bizimana alikuwa akipulizia kahawa ya nani?"

"Kwa watu kadhaa, afande. Ila zaidi kwa Eufrazia, yule mjane wa juu ya kijito."

"Ana nyuki?"

"Mizinga ya marehemu mumewe bado inaning'inia mitini. Asali yake watu wanaifuata toka mbali."

*

Jumatano walipanda hadi kwa Eufrazia. Nyumba yake ilikuwa katikati ya migomba, uwanja umefagiliwa, kahawa imeanikwa juu ya mikeka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, na aliketi juani amejifunika blanketi ingawa jua lilikuwa kali. Njiani Halfani alikuwa amempitia balozi wa nyumba kumi ili awe shahidi wa upekuzi. Leonidas na balozi walizunguka nyuma ya nyumba. Halfani alibaki uwanjani.

"Unaumwa, mama?"

"Malaria tu. Karibu, afande. Wewe ni Mwislamu, pombe hunywi. Nitakupa maji ya ndizi mbivu."

Aliingia ndani akijikongoja, akatoka na kibuyu na mrija. Kabla ya kumpa mgeni aliinamisha kichwa, akavuta funda moja, akameza mbele yake, ndipo akamkabidhi. Halfani alikuwa ameishi Ngara muda wa kutosha kuijua desturi hiyo. Mwenyeji huonja kwanza, ili mgeni anywe bila wasiwasi kuwa kuna sumu. Asiyeonja hana mgeni.

Mikono ya Eufrazia ilikuwa ikitetemeka. Alipoinua macho kumpa kibuyu, jua lilimpiga usoni, na Halfani akaona kwamba weupe wa macho ulikuwa umeingia umanjano.

Alikiweka kibuyu chini.

"Jumapili Bizimana alikuja hapa?"

"Alikuja kuniaga, baada ya misa."

"Ukampa nini?"

"Pombe. Mtu haagwi na koo kavu."

"Uliionja kwanza?"

Eufrazia alimkodolea macho, na sauti yake ikapanda kwa kuudhika. "Afande, mimi nimelelewa! Nimpe mtu kinywaji bila kuonja? Bizimana? Na yeye angekunywa?"

"Kwa hiyo alichokunywa yeye, na wewe ulikunywa."

Eufrazia alishusha macho.

"Na ndicho kinachokutetemesha sasa. Si malaria."

Kwa nyuma Leonidas alitokea, balozi akimfuata kimya. Mkononi alishika kidumu cha plastiki chenye alama ya fuvu la kichwa, na ndani, chini kabisa, bado kulikuwa na machicha ya pombe ya ndizi. Mkono wa pili ulishika sufuria ya majani yaliyochemshwa. Vyote vilikuwa vimefukiwa chini ya majani makavu ya migomba.

"Eufrazia," alisema Halfani, "nakuonya kwamba si lazima useme lolote. Utakalosema litaandikwa na litatumika mahakamani."

"Andika."

"Unaweza kungoja wakili."

"Andika, afande. Nimechoka kukaa nalo peke yangu."

Alijifunika blanketi vizuri. Kwa muda aliitazama kahawa yake, kisha akaanza kusema, mwanzoni kwa kukatakata, baadaye bila kusimama.

"Alikuja kibarua mwaka niliomzika mume wangu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema mkewe, Niragira, aliuawa vitani, na hakunidanganya, yeye mwenyewe aliamini hivyo. Tukazoeana. Akishamaliza kazi anakaa hapo kwenye kizingiti, mimi napika. Watu walisema walivyosema. Mimi nilikuwa na furaha, afande. Nisikudanganye, nilikuwa na furaha kuliko nilipoolewa kanisani."

"Kisha?"

"Kisha redio. Kile kipindi cha kuwatafuta waliopotezana. Tulikuwa tunachambua maharage hapa hapa. Ikasema, Niragira wa Muyinga anamtafuta mumewe Bizimana, na jina la kilima chao, na jina la baba yake. Alisimama, maharage yote yakamwagika. Alikuwa anacheka huku analia. Mimi nikainama kuokota maharage, maana nilijua nimeshamkosa."

"Ndipo ukaamua kumuua."

"Sikuamua kumuua!" Alipiga goti kwa ngumi. "Nilitaka augue! Kila mtu anajua wagonjwa hawapandishwi lori. Daktari wa msafara anawafunua macho, akiona manjano anawarudisha. Kuna harusi moja hapa kijijini, watu walihifadhi pombe kwenye madumu ya dawa kwa kutojua. Waliokunywa walitapika, macho yakawa manjano, wakanyweshwa umubirizi, wakapona wote. Wote, afande! Nikasema, ataugua, lori litaondoka, nami nitamuuguza mpaka apone. Majani nilikuwa nimeshayachemsha kabla hajafika."

"Na asali?"

"Alikuwa hawezi chungu. Kwa yule bibi alikunywa kwa kuogopa kufokewa." Alitabasamu kidogo, tabasamu likapotea. "Nilionja mafunda machache, yeye akanywa kwa furaha, mtu anayekwenda kwao. Alivyokuwa akinywa roho ikaniuma. Nikamkimbilia na chupa, nikamwambia kunywa hii njiani, kunywa yote. Aliahidi. Nilijua majani yatamshika. Yalimshika kila mtu, kwa nini yeye yasimshike?"

Halfani alijua jibu. Angeweza kulinyamazia, lakini lingesomwa mahakamani mbele ya watu, na aliona heri alisikie kwake kwanza.

"Daktari alilitazama ini lake. Lilikuwa limejaa mafuta siku nyingi kabla ya Jumapili. Sumu ya kupulizia ilikuwa imelimaliza kidogo kidogo. Majani yalikuwa yakilisaidia, lakini hayakuwa na nguvu ya kulikinga na sumu ya Jumapili juu ya hiyo."

"Sumu ya kupulizia nini?"

"Kahawa."

Eufrazia aligeuka polepole, akaitazama mibuni iliyoteremka kwa mistari hadi kwenye kijito, imestawi, haina hata mdudu.

"Ni kahawa yangu hiyo," alisema. "Miaka yote alikuwa akipulizia kahawa yangu."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti mpaka balozi akatoka uwanjani. Halfani aliacha kuandika. Alimwona Mwanne kule Biharamulo, amekaa na kikombe chake upenuni mwa nyumba ya mama yake, na akatamani kumshika mkono, saa ileile, kwa namna iliyomtia woga. Huyu mwanamke alikuwa ameua. Alilolitaka, hata hivyo, Halfani alilitaka kila siku.

"Sheria inaita kuua bila kukusudia, au vinginevyo," alisema mwishowe. "Mahakama itaamua. Twende kwanza hospitali, Daktari akuangalie hayo macho."

Selestina aliachiwa jioni hiyohiyo. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kuomba radhi, akaanza kueleza jinsi watu walivyomshinikiza. Bibi akamwambia anyamaze amsaidie kubeba mzigo, naye akabeba.

*

Asubuhi ya Alhamisi malori yalikuwa yamepangwa barabarani, yakinguruma. Watu walipandisha magodoro, kuku, milango ya nyumba, mabati yaliyokunjwa. Wengine waliimba. Wengine walishika tu mbao za lori na kutazama mbele, upande wa mpakani.

Gari la polisi lilikuwa likitoka hospitali kwenda Ngara mjini, na njia ilikuwa hiyo moja. Eufrazia alikaa nyuma kati ya askari wawili, pingu zimefunikwa kwa khanga.

"Afande," alisema, "naomba niongee na yule bibi."

"Haiwezekani," alisema Leonidas kwenye usukani.

Kanuni zilikuwa upande wa Leonidas, na Halfani alizijua kuliko yeye. Akamwambia asimamishe gari.

Selestina alikuwa ameshakaa juu ya lori la tatu, mfuko wa majani mapajani. Alipoona ni nani anayemjia, alikaza uso. Kwa ajili ya mwanamke huyu alikuwa amefungwa kamba, amepigwa, na nusura akose kwao. 

"Bibi, nisamehe," alisema Eufrazia akiwa chini barabarani.

"Mungu ndiye atakayesema nawe hilo," alijibu Selestina. "Mimi bado naumwa mbavu."

"Sawa. Unakwenda Muyinga?"

"Nakwenda."

"Niragira yuko Muyinga. Atakuwa mpakani leo anaangalia malori, moja moja. Jina la Bizimana lilishasomwa kwao kwenye orodha ya msafara." Alilisogelea lori. "Mtafute. Mwambie alikuwa anakuja. Asije akafikiri alipata mwingine huku akamsahau. Mwambie aliposikia jina lake kwenye redio aliangusha kila kitu."

Selestina aliuweka sawa mfuko mapajani. Injini ya lori la mbele ilianza kuvuta, vumbi likapanda.

"Akiniuliza nani kanituma, nisemeje?"

Eufrazia alijaribu kuinua mkono kufuta uso, pingu zikamzuia.

"Mwambie ni mwanamke aliyejaribu kumzuia asiondoke," alisema, "akashindwa."

Lori likaondoka. Halfani alisimama kando yake mpaka msafara wote ulipopinda kilima, na hakumharakisha kurudi garini.